Anwani sita za IP, kipimo data kimoja: ukubali au ukatae?

Swali: Mukubwa, ninashughulikia kompyuta za kampuni ya kutoa mizigo forodhani hapa Lubumbashi. Ofisi yetu iko Kampemba, na tuna wenzetu Kasumbalesa na Kolwezi. Seva zetu ziko kwenye wingu, Johannesburg, zikiwa na anwani sita za IP za umma, kila moja na megabiti 5 kwa sekunde: tovuti, lango la wateja la kufuatilia malori, hifadhi ya nyaraka, barua pepe, seva inayopokea GPS za malori, na VPN (njia salama ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) yetu sisi mafundi. Kila mwisho wa mwezi hifadhi ya nyaraka inakwama huku nyingine zimelala. Mtoa huduma anatushauri tununue megabiti 20 za pamoja kwa anwani zote sita, anasema bei itashuka. Mwenzangu anapinga: tukichanganya, kimoja kikielemewa vyote vitakufa. Tufanye nini?

Jibu: Ndugu yangu, kubali kuchanganya, lakini usichanganye zote sita, wala usinunue megabiti 20 kabla ya kupima. Kwa ulichoniandikia, ningeweka nne kwenye mfuko mmoja (tovuti, lango la wateja, nyaraka na barua pepe), VPN ningeiacha nje na kipimo chake chenyewe, na seva ya GPS ningeihamishia kwenye malipo ya kila gigabaiti. Sababu nazieleza kwa urefu, maana wewe ndiye utakayeutetea uamuzi huu mbele ya bosi, na bosi atauliza.

Kwanza tuelewane unachouziwa. Kwenye wingu, anwani ya IP na kipimo data (kiasi cha data kinachoruhusiwa kupita kwa sekunde) ni vitu viwili tofauti. Ukikodi anwani kwa njia ya kawaida, kila moja inakuja na kikomo chake cha kasi, na kikomo hicho hakiazimani na kingine: nyaraka zikikwama kwenye megabiti 5, zile 5 za tovuti iliyolala haziwezi kuzisaidia hata kidogo. Kipimo data cha pamoja kinaviondoa vikomo vya kila anwani na kuweka kimoja juu ya zote. Huawei Cloud na Alibaba Cloud wana bidhaa ya namna hiyo, na Tencent Cloud pia. AWS, Azure na Google Cloud kwa kawaida hawauzi hivyo. Wao wanahesabu gigabaiti zinazotoka, kwa hiyo huko swali lako lisingekuwepo. Huko utakutana na gharama nyingine: AWS, tangu tarehe 1 Februari 2024, wanatoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya umma ya IPv4 (aina ya kawaida ya anwani ya IP), iwe inafanya kazi au imekaa bure. Ni kama dola 3.65 kwa mwezi, na kwa anwani sita karibu dola 22 kabla hujatuma hata baiti moja.

Faida ya kuchanganya yote inatoka sehemu moja: kwamba seva zako hazihitaji kasi kwa wakati mmoja. Likelemba inasaidia watu kwa sababu hiyo hiyo. Pesa za wote zinamwendea mmoja mwezi huu, mwingine mwezi ujao, na kila mtu anapata kiasi ambacho peke yake asingekifikisha. Ila kwenye likelemba kuna mtu anashika daftari na zamu zinajulikana. Kwenye kipimo data cha pamoja hakuna daftari. Anayehitaji anachukua, na wawili wakihitaji kwa pamoja wanagombania. Basi kazi yako ya kwanza ni kujua kama seva zako zina zamu za kweli au zote zinaamka saa ileile.

Hilo halikisiwi. Ingia kwenye dashibodi ya ufuatiliaji ya mtoa huduma, chagua kila anwani, na upakue takwimu za trafiki inayotoka kwa mwezi mzima, wastani wa kila dakika 5. Siku moja ina vipimo 288, siku 30 zina vipimo 8,640. Ziweke kwenye Excel, muda kwenye safu A, anwani zako sita kuanzia B hadi G, zile nne za mfuko zikitangulia. Kwenye H2 andika =SOMME(B2:E2) (nadhani Excel yenu ni ya Kifaransa kama za ofisi nyingi za hapa) na uivute hadi mstari wa 8641. Kisha tafuta =MAX(H2:H8641) na =CENTILE(H2:H8641;0,95), yaani kilele chenyewe na kiwango ambacho asilimia 95 ya vipimo havikizidi. Namba hizo mbili zina uzito kuliko maneno yangu yote na ya mtoa huduma wako.

Nikupe mfano wa unachoweza kukiona. Tuseme saa 09:00 lango la wateja linatoa megabiti 4.5, nyaraka 3, barua pepe 1.2, tovuti 0.6, jumla 9.3. Saa 15:30 nyaraka zimegota kwenye 5, lango limeshuka hadi 1.5, barua pepe 2, tovuti 0.5, jumla 9. Saa 22:00 tovuti inatoa bekapu kwenda Kampemba kwa 4.8 na wengine wote hawafiki 1. Ukichukua kilele cha kila moja peke yake na kujumlisha, utapata kama 16, na hiyo ndiyo hesabu inayomfanya mtoa huduma akuuzie 20. Lakini kilele cha jumla, yaani namba kubwa kuliko zote kwenye safu H, ni 9.3. Tofauti kati ya 16 na 9.3 ndiyo pesa unayoweza kuokoa. Ikiwa namba hizo mbili zinakaribiana, seva zako zinaamka pamoja, na kuchanganya hakutakupa kitu.

Kuna mtego mmoja ambao wengi hawauoni. Seva yako ya nyaraka imegota kwenye 5, kwa hiyo grafu inakuonyesha kikomo tu, haikuonyeshi njaa yake. Hujui kama ingetaka 6 au 16. Kabla ya kuamua ukubwa wa mfuko, mwisho wa mwezi huu ipandishe anwani hiyo peke yake hadi megabiti 15 kwa siku tatu, kwa malipo ya matumizi, kisha uirudishe. Gharama ya siku tatu ni ndogo, na utapata namba ya kweli ya kuweka kwenye hesabu. Nikiwekea akiba, kwa kampuni ya ukubwa wenu nafikiri utaishia kwenye 12 kwa anwani nne. Lakini safu H ikisema 17, iamini safu H.

Angalia pia bei kwa ngazi. Kuna watoa huduma wanaouza megabiti 5 za kwanza za kila anwani kwa bei nafuu, kisha kila megabiti inayofuata kwa bei ya juu. Kwa orodha ya namna hiyo, anwani sita za megabiti 5 zinaweza kuwa rahisi kuliko mfuko mmoja wa 20, ingawa 20 ni ndogo kuliko 30. Mwambie akupe ankara mbili za mfano, ya sasa na ya baadaye, zikiwa na gharama ya anwani zenyewe ndani yake.

Anaweza kukutajia pia malipo ya asilimia 95. Maana yake ya kawaida ni hii: vipimo vya dakika 5 vya mwezi mzima vinapangwa kutoka kikubwa hadi kidogo, asilimia 5 ya juu inafutwa, na unalipia kilichobaki juu, karibu sawa na ile CENTILE yako. Katika vipimo 8,640, vinavyofutwa ni 432, sawa na saa 36. Msongamano wenu wa mwisho wa mwezi, tuseme siku tatu za kazi kwa saa nane, ni saa 24: unaingia wote ndani ya zile 36. Kwa kampuni yenye tabia kama yenu ni mpango mzuri sana, ila mara nyingi una kiwango cha chini cha kununua kinachomzidi mtu wa megabiti 12, na baadhi yao wana fomula yao wenyewe yenye jina linalofanana. Omba mfano wa hesabu kwa maandishi.

Sasa nije kwa hofu ya mwenzako, kwa sababu ina msingi na inastahili jibu la kifundi. Kifaa cha mtoa huduma kinachosimamia mfuko kinaangalia jumla tu. Trafiki ikipita kikomo, kinatupa pakiti (vipande vya data) bila kujali ni za nani. TCP, kanuni inayosafirisha kurasa na faili, ikiona pakiti zimepotea inapunguza mwendo, lakini kila muunganisho unapunguza wa kwake. Matokeo yake, mgao haufuati idadi ya seva, unafuata idadi ya miunganisho. Mtu akishusha faili kwa programu inayofungua miunganisho 16, na mteja mmoja akafungua ukurasa wa lori lake kwa muunganisho mmoja, yule wa kwanza anaweza kuchukua sehemu 16 kati ya 17. Mteja anabaki anaangalia duara linazunguka. Sauti, mikutano ya video na VPN nyingi zinazotumia UDP (kanuni isiyotuma tena kilichopotea) zinaumia zaidi, maana pakiti iliyotupwa haisubiriwi.

Dawa iko mikononi mwako, ndani ya seva zako. Bekapu ya usiku iwekee breki: kwa rsync, programu ya kunakili faili, rsync --bwlimit=600 inaizuia kwenye karibu megabiti 4.9 kwa sekunde, kwa sababu namba hiyo inahesabiwa kwa kilobaiti, si kilobiti (baiti moja ni biti 8). Kwenye nginx (programu inayotoa kurasa na faili za wavuti) ya hifadhi ya nyaraka weka limit_rate 300k, ambayo ni kama megabiti 2.5 kwa kila muunganisho, na uiandamanishe na limit_conn ili mtu mmoja asifungue ishirini. Ya kwanza bila ya pili haina nguvu. Kisha kwenye kila seva ya Linux weka kikomo cha jumla kwa tc, amri ya Linux ya kudhibiti trafiki:

tc qdisc add dev eth0 root tbf rate 8mbit burst 32kbit latency 400ms

Kwa mfuko wa 12, kila seva inaweza kupanda hadi 8, ambayo ni juu kuliko 5 mnazozijua leo, na hakuna itakayoweza kuumeza mfuko mzima peke yake. (Hakikisha jina la kadi ya mtandao, seva nyingi za leo hazina eth0. Na kikomo hicho kinafutika seva ikizimwa na kuwashwa, basi kiweke kwenye huduma inayoanza yenyewe.) Mwonyeshe mwenzako mstari huo mmoja, nadhani hofu yake itapungua.

Kwa nini VPN ibaki nje? Kwa sababu siku mfuko ukijaa, iwe kwa bekapu iliyokosewa au kwa shambulio la kumwagiwa trafiki, VPN ndiyo mlango wako wa kuingia na kurekebisha. Ikiwa ndani ya mfuko uleule uliojaa, utakuwa unabisha hodi kwenye nyumba ambayo ufunguo wake uko ndani. Megabiti 2 za peke yake zinatosha kuandika amri. Hapa sikupi nafasi ya kubembeleza: ukifuata ushauri mmoja tu katika barua hii, ufuate huu.

Na GPS? Vifaa vya malori vinatuma taarifa kwenda kwenye wingu, mistari mifupi ya mahali na mwendo. Seva inajibu kwa neno fupi la kuthibitisha. Trafiki inayotoka ni kidogo mno, na kwa watoa huduma wa namna hii kinacholipiwa ni kinachotoka. Leo mnalipia megabiti 5 zinazotoka kwenye seva ambayo kazi yake ni kupokea. Ukiiweka kwenye malipo ya gigabaiti, itagharimu kidogo sana kuliko sasa. Kukusaidia kulinganisha: megabiti 1 kwa sekunde ikijazwa mwezi mzima wa siku 30 ni gigabaiti 324. Chukua bei ya megabiti moja kwa mwezi, igawe kwa bei ya gigabaiti moja. Jibu likiwa, kwa mfano, 100, basi megabiti ambayo hailishi gigabaiti 100 kwa mwezi ni afadhali ilipiwe kwa gigabaiti.

Mwelekeo una jambo jingine, na hili uliulize kabla ya kusaini. Huawei Cloud, na wengine wanaofanana nao, wana kanuni hii: ukinunua megabiti 10 au chini yake, trafiki inayoingia inaruhusiwa hadi 10, ukinunua zaidi ya 10, inayoingia inakuwa sawa na uliyonunua. Anwani zako nne za megabiti 5 leo zinaweza kupokea 10 kila moja, yaani 40 kwa jumla. Mfuko wa 12 ukifuata kanuni hiyo, zote nne zitapokea 12 kwa pamoja. Wenzako wa Kasumbalesa wanapopakia nyaraka zilizochanganuliwa, hiyo ni trafiki inayoingia. Ukipunguza bila kujua, utaona kushusha kumekuwa kwepesi na kupakia kumekuwa kuzito, na hutajua kwa nini. Angalia basi grafu ya inayoingia pia, kwa Excel ileile.

Kuna hali moja ya kwetu inayovunja zamu zote. Umeme ukikatika Kampemba asubuhi na kurudi saa tano baadaye, kompyuta zote zinawaka kwa dakika moja: barua pepe zinashuka, folda za nyaraka zinajilinganisha, watu wanafungua lango kwa haraka kujibu wateja waliosubiri. Seva ambazo wiki nzima zilipishana sasa zinahitaji kasi kwa pamoja. Tafuta kwenye safu H siku umeme ulipokatika na kurudi, uone kilele kilifika wapi. Mkiwa na jenereta au betri zinazoshika ofisi nzima tatizo hili ni dogo. Msipokuwa nazo, programu za kulinganisha folda zipangiwe kuanza dakika 10 au 20 baada ya kompyuta kuwaka, kila idara na muda wake.

Mbali na mfuko, ningependa uangalie kama unahitaji anwani zote hizo. Tovuti, lango na nyaraka, kama zote zinapita kwenye HTTPS, zinaweza kukaa nyuma ya nginx moja yenye anwani moja. Kivinjari kinataja jina la tovuti kinapoanza mazungumzo, na nginx inajua ielekeze wapi. Ukifanya hivyo, huduma tatu zinagawana kipimo data cha anwani moja bila kununua bidhaa yoyote ya mfuko. Ni njia nzuri kuliko zote kwa muda mrefu, na mfuko baadaye ungebaki na faida ndogo. Sikuiweka mwanzoni kwa sababu inahitaji mikono: vyeti, usanidi, na hiyo nginx ikianguka huduma tatu zinaanguka nayo. Mfuko unauwasha mwezi huu kwenye dashibodi bila kugusa seva. Barua pepe iache na anwani yake. Sifa ya anwani hiyo kwa seva za Gmail na wengine mmeijenga kwa muda, na kuchanganya kwenye mfuko hakubadilishi anwani yenyewe wala DNS yake (jina linaloielekeza). Ila usiiachie hata kwa dakika moja wakati wa kuhama, maana inaweza kupewa mtu mwingine.

Kabla ya yote haya hakikisha kinachokwama ni wingu. Wenzako wakilalamika saa 15:30, angalia grafu ya nyaraka dakika ileile. Ikiwa imegota kwenye 5, mfuko utasaidia. Ikiwa iko kwenye 2, tatizo ni laini ya ofisi yenu au njia inayopita, na megabiti 100 za Johannesburg hazitabadilisha kitu. Endesha mtr, programu inayopima muda wa kila hatua ya njia, kutoka Kampemba hadi kwenye seva. Kutoka hapa hadi Johannesburg ni kama kilomita 1,600 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi unahitaji milisekunde 16 hivi kwenda na kurudi, na kwa njia halisi ya kupitia Zambia unategemea zaidi ya hapo. Ukiona inapita 150, kuna uwezekano mkubwa data yako inazunguka Ulaya kwanza, na hapo ugomvi wako ni na mtoa intaneti wa Lubumbashi.

Ukihama, hama katikati ya mwezi. Ingiza tovuti kwanza, iache siku moja, kisha barua pepe, lango, na nyaraka mwisho. Hakikisha anwani zako zinalipwa kwa matumizi, kwa sababu zile za mkataba wa mwezi au mwaka mara nyingi hazikubaliki ndani ya mfuko. Uliza pia anwani ikitolewa kwenye mfuko inarudi na kipimo gani, na kumbuka kwamba mfuko usio na anwani ndani yake unaendelea kulipiwa hadi uufute. Weka tahadhari ikulilie jumla inapokaa juu ya asilimia 80 kwa dakika 15. Ikilia, grafu ya kila anwani bado ipo, utaona ni nani. Ikilia mara mbili ndani ya wiki moja na bekapu si chanzo, ongeza megabiti 2, si 10. Ukubwa wa mfuko unabadilishwa kwenye dashibodi seva zikiwa kazini.